Upau wa Menyu na Msomaji Wake: Uhakiki wa Kiswahili cha Programu za Kompyuta Kikitazamwa kutoka Kanyakine

Miongoni mwa matini za Kiswahili zilizotolewa tangu kuanza kwa karne hii, ni chache zilizo fupi kama ile iliyolazwa juu ya dirisha la programu ya kompyuta. Ni maneno manane au tisa tu, yasiyo na sentensi, yasiyo na nukta, wala hayana jina la mtunzi. Hata hivyo, mtu aandikaye barua kwa mashine huyasoma maneno hayo mara nyingi kwa siku moja kuliko asomavyo shairi lolote kwa mwaka. Aghalabu matini hii imejadiliwa kama orodha ya istilahi: neno hili ni sahihi, lile si sahihi, hili limekopwa, lile limeundwa. Majadiliano ya namna hiyo yana faida yake, lakini yanaacha kando maswali ambayo mhakiki wa matini yoyote hana budi kuyauliza. Nani anasema? Anamwambia nani? Na je, msomaji ana ruhusa gani juu ya matini aliyopewa?

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa sababu upau wa menyu una sifa moja ambayo kitabu hakina. Msomaji anaweza kuubadilisha. Anaweza kuondoa neno, kuongeza jingine, kuhamisha la mwisho likawa la kwanza, na hata kulifuta jina alilopewa na wafasiri akaandika lake. Uhakiki huu unakusudia kuonyesha kwamba wafasiri wa Kiswahili waliitafsiri menyu kana kwamba sifa hiyo haipo, na kwamba hata jina walilolipa tendo lenyewe la kuibadilisha limepotosha maana yake.

Historia yake ni fupi. Menyu iliyopangwa kwa mstari juu ya kioo ilijulikana kwa kompyuta ya Lisa ya kampuni ya Apple mwaka 1983 na Macintosh mwaka 1984. Mwaka 1987 kampuni ya IBM ikaweka kanuni za mpangilio uliokuja kuzoeleka duniani, unaoanza na faili na kuishia na msaada. Kiswahili kiliingia humo mwaka 2004. Mwishoni mwa mwaka huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu wa IT+46 kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, tunda la mradi uliojulikana kwa jina la Kilinux. Kampuni ya Microsoft, iliyokuwa imetangaza nia yake mwaka huohuo, ikafuata na vifurushi vya Kiswahili vya Windows XP na Office 2003. Yafaa ikumbukwe kwamba vifurushi hivi vya pili havikuwa programu kamili za Kiswahili: vilitandikwa juu ya programu ya Kiingereza na kufunika sehemu zitumiwazo zaidi. Mtu akichimba kidogo alikutana na Kiingereza chini yake, kama mkeka uliotandikwa sakafuni usifike pembeni.

Maneno ya menyu hizo yamezoea kupimwa kutoka Dar es Salaam, Unguja au Nairobi. Uhakiki huu unapendelea kuyapima kutoka Kanyakine, soko la Imenti Kusini katika kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya Mlima Kenya yenye kahawa, chai na migomba. Mtu wa Kanyakine huongea Kimeru nyumbani. Kiswahili hukipata shuleni kama somo, na sokoni akutanapo na mgeni. Kiingereza ndiyo lugha aliyofundishiwa hesabu, sayansi na hiyo kompyuta yenyewe. Kwa hiyo neno la Kiswahili analijua kwa maana iliyo katika kamusi na kitabu cha darasa. Hana mazoea ya pwani ya kumsamehe mfasiri, na kwa sababu hiyohiyo ni hakimu mkali na mwenye haki.

Na tuanzie kwenye jina la mstari wenyewe, maana hapo pana utajiri. Maneno mawili yamekuwa yakishindana: upau na mwambaa. Upau ni fito ya kuezekea. Pau ndizo zinazoshikilia makuti juu ya paa. Mwambaa limetokana na kitenzi ambaa, kupita kando ya kitu bila kukiacha mbali, kama chombo kiambaacho pwani, na ndugu yake ni mwambao. Kwa sikio la mshairi, mwambaa linashinda. Mstari wa menyu kweli unaambaa ukingo wa juu wa dirisha, na taswira ya chombo na ufuo ni nzuri. Lakini sarufi inalikataa. Nomino za Kiswahili zinazoundwa kwa kiambishi m- na kuishia kwa irabu -a ya kitenzi kwa kawaida hudai kijalizo: mfanya biashara, mwenda pole, mla watu. Msomaji aliyefundishwa sarufi darasani akiona mwambaa, hungoja neno lifuatalo limwambie huyo ni mwambaa nini. Tena, kwa ule mu- wa mwanzo, humdhania kuwa ni mtu. Upau halina matatizo hayo. Ni nomino iliyokwisha kujitosheleza, wingi wake unajulikana, na taswira yake ni sahihi kuliko ilivyodhaniwa: upau ni mti ambao thamani yake ni vile vinavyoning'inizwa juu yake. Mtu wa Kanyakine aezekaye kwa mabati hajaona makuti, lakini neno hilo atalikuta katika kamusi na ataelewa kwa nini orodha inateremka kutoka kwenye fito.

Neno menyu lenyewe halihitaji kuchelewesha mjadala. Limekopwa, limezoeleka, na orodha lingefaa vilevile kama lisingekuwa na kazi nyingi mno. Mwalimu mmoja mcheshi angeweza kudai kwamba menyu limetokana na kumenya, kwa kuwa mtu humenya ganda la programu apate kilichomo. Dai hilo ni la uongo, ila wanafunzi wangelikumbuka.

Ugumu unaanza pale maneno yanapopangwa pamoja. Chukua mpangilio wa kawaida kama huu: Faili, Hariri, Mwonekano, Chomeka, Umbizo, Zana, Jedwali, Dirisha, Msaada. Kila neno likisimama peke yake lina utetezi wake. Dirisha ni mkopo wa zamani kutoka Kiajemi, na limepata maana mpya bila kulalamika. Umbizo limeundwa vizuri kutoka umba. Chomeka lina ukali kidogo, kwa kuwa kinachochomekwa ni kisu kiunoni au shati katika suruali, lakini msomaji hulizoea. Yakiwekwa pamoja, hata hivyo, yanatoa sauti mbili. Hariri na Chomeka ni amri. Faili, Zana, Jedwali, Dirisha na Msaada ni majina ya vitu. Mwonekano na Umbizo ni majina ya hali au ya tendo lililokwisha fanyika. Mtu huuliza: huu ni mkusanyiko wa vitu, au ni mkusanyiko wa amri?

Lawama hapa isielekezwe kwa wafasiri peke yao. Kiingereza kinaweza kukwepa swali hilo, kwa sababu neno moja kama View au Help ni jina na kitenzi kwa wakati mmoja, na macho ya msomaji hayalazimiki kuamua. Kiswahili hakina maficho hayo ila mara chache. Hifadhi ni mojawapo: ni amri, na pia ni jina, kama mtu asemapo hifadhi ya wanyama. (Waliopendekeza okoa kwa dhana hiyohiyo walisahau kwamba kinachookolewa kilikuwa hatarini tayari, ilhali barua huhifadhiwa ili isije ikaingia hatarini.) Hariri lina umbo la namna hiyo kwa bahati, lakini jina lake ni kitambaa laini, na hakuna anayefungua menyu akitafuta kanzu.

Kwa kuwa Kiswahili kinamlazimisha mfasiri kuchagua, ilitazamiwa achague kwa kanuni. Kanuni ingetokana na swali la nani anasema. Katika Hifadhi, Chapisha na Futa, mtumiaji ndiye asemaye na mashine ndiyo itumwayo. Katika Hariri mambo yamegeuka, kwani mashine haihariri chochote; mhariri ni mtu, na neno hilo, kama ni amri, basi ni mashine inayomwamuru yeye. Nusu ya upau ni mtumwa anayepokea maagizo na nusu ya pili ni msimamizi anayeyatoa. Jambo hili si dogo katika jamii ambayo amri tupu, isiyo na tafadhali wala umbo la dhamiri tegemezi, huelekezwa kwa mtoto. Mzee wa Njuri Ncheke hatazamii kuambiwa Chagua! na sanduku la plastiki.

Wako waliopendekeza suluhisho la kutumia kitenzi-jina kila mahali: Kuhariri, Kutazama, Kuchomeka. Hoja yao ina adabu, na kisarufi haina kosa. Inaangushwa na jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha uundaji wa istilahi. Upau wa menyu hufunguliwa pia kwa kibodi, kwa kubonyeza kitufe cha Alt pamoja na herufi iliyopigiwa mstari katika kila neno, na desturi ni kuchukua herufi ya kwanza. Katika Kiingereza maneno mengi huanza kwa herufi yake, ingawa si yote. Katika Kiswahili, lugha ya viambishi awali, neno hufungua kinywa kwa herufi ya ngeli yake: vitenzi-jina vyote vingeanza kwa K. Mtu akikimbilia nomino dhahania, Uhariri, Utazamaji, Uchomekaji, atajikuta na msitu wa U. Mfumo mzuri wa ngeli, fahari ya lugha za Kibantu, hugeuka kikwazo mahali hapa padogo. Na kinachobaki ni shina tupu la kitenzi, yaani umbo la amri.

Basi amri ikubaliwe, kwa sababu hiyo na wala si kwa sababu Kiingereza kimefanya hivyo. Na ikishakubaliwa, mpangilio uliotajwa hapo juu unahitaji sahihisho moja tu. Humo Mwonekano na Msaada yanagombea herufi M. Mwonekano likiwa Tazama, ugomvi umekwisha: F, H, T, C, U, Z, J, D na M, kila moja mara moja. Msaada libaki jina, kwani Saidia bila kiambishi cha mtendwa ni kilio kisicho na mwenyewe. Mswahili aliyekwama husema Nisaidie. Matokeo haya yasingepatikana katika orodha ya istilahi iliyopangwa kwa alfabeti, ambamo neno halijui jirani yake. Yanapatikana tu upau ukisomwa kama ubeti, ambamo kila neno lina deni kwa mengine.

Haki inataka kazi njema isifiwe. Tendua, kwa dhana ya kurudisha nyuma tendo lililofanyika, ni neno ambalo lugha yenyewe ilikuwa ikilingoja. Lina kiambishi cha kutendua kilekile kilicho katika fungua, kunjua, zibua na chomoa. Na kwa kuwa kiambishi hicho kimeenea katika lugha za Kibantu, Kimeru kikiwemo, msomaji wa Kanyakine halihitaji kufafanuliwa. Analielewa kwa lugha ya mama yake kabla ya kulielewa kwa Kiswahili. Baadhi wangependa tangua, neno lenye umri na heshima. Lakini kutangua ni kubatilisha jambo zima, kama ndoa au mkataba, wakati kutendua ni kurudi hatua moja na kubaki njiani.

Hapo ndipo pa kuuliza kuhusu tendo la kuubadilisha upau wenyewe. Katika Office 2003 mtumiaji alifungua menyu ya zana, akachagua amri ya mwisho mwisho, na tangu hapo aliweza kuikamata amri yoyote kwa kipanya, kuiburuta atakapo, au kuliandika upya jina lake na kuweka alama ya & mbele ya herufi aliyotaka ipigwe mstari. OpenOffice.org ilikuwa na uwezo kama huo, na LibreOffice, iliyotokana nayo mwaka 2010, ingali nao. Huko alama ya herufi ni ~. Maneno kadhaa yametumiwa kwa tendo hili, na mawili yanastahili kuhakikiwa: kubinafsisha, na geuza ikufae pamoja na maumbo yaliyo karibu nalo.

Kubinafsisha ni neno lenye jeraha. Nchini Tanzania liliingia vinywani mwa watu katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipouzwa kwa watu na makampuni, na maana hiyo haijafutika. Nyuma yake kuna ubinafsi, sifa ambayo katika siasa za baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilikuwa ni lawama. Kumwalika mtu abinafsishe menyu ni kumwambia, kwa sikio la kizazi kizima, aichukue mali ya wote iwe yake peke yake. Mkenya ana kumbukumbu nyingine, lakini hata kwake shina ni lile lile.

Kosa la neno hilo limezidi historia yake. Linadhani kwamba kila kompyuta ina mwenyewe mmoja. Katika duka la kuchapa la soko kama Kanyakine, mashine moja ni ya mwenye duka kwa hati, ya kijana aichapiayo kwa kazi, na ya kila mteja anayeinama begani kwake akisoma barua yake ya kuomba kazi ikiandikwa. Katika maabara ya shule mashine moja hupokea mikono mingi kwa siku. Atakayebadilisha upau hapo amewabadilishia wote. Ndiyo maana geuza ikufae, ingawa ni refu na halikai vizuri katika kisanduku, ni bora zaidi. Kwani linaleta kitu ambacho Kiingereza hakikuwa nacho, nacho ni kiambishi cha mtendwa. Kiswahili hakiwezi kuficha idadi ya wanaofaidi. Ikufae ni mmoja; iwafae ni wengi. Mfasiri aliyeandika -ku- bila kufikiri alikuwa ameamua kuhusu umiliki wa mashine, na angeweza kuamua vingine. Kama neno moja linatakiwa, pangilia lipo, halina jeraha, nalo halisemi chochote kuhusu umiliki.

Hoja ya upinzani ni nzito na haifai kupuuzwa. Kama kila shule na kila duka litaandika majina yake juu ya upau, kitabu cha mafunzo kitakachosema fungua Zana hakitafaa kitu mahali ambapo Zana limeitwa Vifaa, na fundi wa Nkubu hatamsaidia mtu wa Igoji kwa simu. Usanifishaji una kazi yake. Lakini historia ya Kiswahili sanifu inafundisha jambo jingine pia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930 kuusimamia uamuzi huo, lugha ilipata umoja wa tahajia na vitabu. Na Kimvita, lahaja yenye utungo mkubwa, ikawekwa kando ya mlango. Waliokuwa na deni kwa lahaja hiyo hawakuulizwa. Menyu inatoa nafasi ambayo wanakamati wa 1930 hawakuwa nayo: maneno sanifu yanaweza kuwapo chini, yakirudishwa kwa amri moja ya kuweka upya, na ya mahali yakawa juu. Usanifu hauhitaji kumnyang'anya msomaji kalamu.

Anayestahili kuogopwa ni mashine inapoishika kalamu hiyo. Kuanzia Office 2000, Microsoft ilijaribu menyu zilizojipanga zenyewe, zikiificha amri ambayo mtu hajaitumia kwa siku kadhaa. Kwenye mashine ya watu wengi matokeo yake ni rahisi kuyafikiri: amri aliyoihitaji mteja wa asubuhi ilikuwa imefichwa kwa mazoea ya mteja wa jana. Katika Office 2007 sio tu kwamba jaribio hilo liliachwa. Upau wote wa menyu uliondolewa katika programu kuu na kuwekwa utepe wenye vichupo na picha. Mtumiaji wa kawaida hakupewa njia ya kuupangilia utepe huo, ila kamstari kadogo cha amri za haraka, mpaka toleo la 2010 lilipomrudishia sehemu ya uwezo wake. Kwa miaka mitatu matini iliyosomwa kuliko nyingine zote ilikuwa imefungwa mkononi mwa mtunzi wake. Hakuna chama cha Kiswahili kilichotarajiwa kulalamika, maana suala hilo halikuhesabiwa kuwa ni suala la lugha.

Linapaswa kuhesabiwa hivyo. Idara ya Kiswahili katika shule ya sekondari ya Imenti Kusini, ikiwa na mashine mbili na LibreOffice ambayo hailipiwi, ina uwezo wa kuandika upau wake kwa alasiri moja: wanafunzi wabishane kama ni Tazama au Mwonekano, wagundue wenyewe ugomvi wa herufi M, wapime upau na mwambaa, kisha waandike walichokubaliana mahali pale pale panaposomwa. Zoezi hilo lingewafundisha unyambulishaji, ngeli na umbo la amri kwa mara moja. Lingewaudhi pia baadhi ya walimu wa kompyuta, ambao mtihani wao uko katika Kiingereza, na udhia huo una sababu. Ndiyo maana ni vyema mashine ya pili iachwe na menyu yake ya awali, zikae mezani ubavu kwa ubavu.

Lililo gumu ni kwa wafasiri wa toleo lijalo, watakaoketi tena Dar es Salaam au Nairobi na faili yenye maelfu ya mistari, kila mstari ukiwa umekatwa na wenzake. Waombe kwanza picha ya dirisha lenyewe. Halafu waulize ni watu wangapi watakaa mbele yake, kabla hawajaandika -ku- au -wa-.